Karatasi ya mauziano inatosha?

SWALI: Mimi na mume wangu tumepanga Mwanga, Kigoma, na tumedunduliza fedha za nyumba ya kwanza. Muuzaji mmoja wa Ujiji ametuonyesha karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, dada yangu. Muhuri huo huonyesha tu kwamba mauziano yalishuhudiwa. Kama nyumba ina hati, chukua namba yake ukaombe upekuzi kwa Msajili wa Hati, ambako utaona jina la mmiliki, muda uliobaki (hati haizidi miaka 99) na kama imewekwa rehani benki. Kama haina, muulize afisa ardhi wa manispaa iwapo kiwanja kimepimwa, kisha kaa barazani na majirani wa pande zote nne. Ujiji ni mji mkongwe. Nyumba inayouzwa na mmoja huenda ni urithi wa ndugu saba, na majirani ndio wanaojua. Muuzaji akiwa na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yake kwa nyumba ya familia, hivyo naye atie sahihi. Kabla ya hapo usitoe hata arubuni, na utenge fedha za wakili na ushuru wa stempu.