Jibu: Kinyume cha "kwa mfuatano" ni kipi hasa?

Salaam aleikum. Kijana aliyeuliza anasema mwalimu wake wa kompyuta kamwambia kinyume cha mfuatano ni "sambamba", kisha kitabu kikamwambia ni "nasibu", naye hajui ashike lipi. Mwanangu, yashike yote mawili, ila ujue kila moja lajibu swali gani. Mimi ni fundi wa umeme wa jua hapa Amu, na zamani nilikuwa nikirekodi na kuuza kaseti, kwa hiyo nitasema niliyoyashika kwa mkono.

Kaseti ni mfuatano mtupu. Mteja akitaka kusikia wimbo wa nne, lazima utepe upite kwenye zile tatu kwanza. Tulikuwa tukichomeka kalamu tunduni na kuzungusha, tusimalize mawe ya redio. Flashi haina taabu hiyo: wimbo uwe wa kwanza au wa mia, unaubonyeza na unakuja. Hapo ndipo penye "nasibu". Usidhani ni ovyoovyo. Ni kufika popote moja kwa moja bila kupitia vilivyotangulia. Kampuni ya kompyuta ya IBM walipoleta mashine yao ya diski, RAMAC, mwaka 1956, sifa yake kubwa ilikuwa hiyo.

Sambamba ni habari ya kazi na kungojeana. Nenda Matondoni utazame jahazi likiundwa. Mkuku hulazwa kwanza, na huwezi kutia kalafati kabla mbao hazijakaa. Hapo hata ulete mafundi hamsini, wengi watakaa kivulini wakinywa kahawa, nawe unawalipa. Lakini tanga laweza kushonwa kwengine siku hizo hizo, halimngojei mtu. Watu wa kompyuta wanayo hesabu yake, ya Gene Amdahl, tangu 1967: ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawiki, lazima ifanywe hatua baada ya hatua, basi hata uwe na prosesa (kile kiungo cha kompyuta kinachofanya hesabu) elfu moja, kasi haitafika mara kumi ya ile ya prosesa moja. Kwangu mimi hii ndiyo maana yenye faida kuliko zote, kwani inakuonyesha mapema pesa ya kuongeza watu itaishia wapi.

Ukiingia kwenye sakiti za dijitali, yaani njia za umeme zilizo ndani ya kompyuta na vifaa kama hivyo, sahau yote mawili. Huko sakiti ya mfuatano ni ile inayokumbuka. Kengele ya mlango haikumbuki kitu: ukibonyeza inalia, ukiachia inanyamaza. Lakini kuna taa za kitufe kimoja, bonyeza iwake, bonyeza tena izime. Kidole ni kile kile na matokeo ni mbalimbali, kwa sababu sakiti inajua ilikuwa katika hali gani. Kinyume chake basi ni sakiti isiyo na kumbukumbu. Kiungo cha kukumbuka, flipu-flopu, wanafizikia Eccles na Jordan walikiombea hataza Uingereza mwaka 1918.

Mahakamani ni rahisi. Kifungo cha miaka 3 na cha miaka 5 vikifuatana ni miaka 8. Vikienda pamoja ni 5. Muulize aliyefungwa kama tofauti hii ni ya maneno tu.

Sasa kwetu sisi mafundi. Betri mbili za volti 12, kila moja ampea-saa 100 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri): ukizifunga kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata volti 24, ampea-saa zabaki 100. Ukizifunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zabaki 12, ampea-saa zawa 200. Umeme wote uliowekwa ndani, yaani volti mara ampea-saa, ni ule ule. Na ukiwa na betri nne, unafunga mbili mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo sambamba: volti 24, ampea-saa 200. Hivyo vinavyoitwa vinyume vinakaa kisanduku kimoja na vinafanya kazi pamoja. Ila ziwe za aina moja na umri mmoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu itaimaliza mpya kabla ya wakati wake.