Kumwombea mama na mdogo wako ukaazi wa kudumu Marekani

Ndugu yangu, umeuliza kama kadi yako ya ukaazi inatosha kumleta mama pamoja na mdogo wako wa miaka 16. Haitoshi, kwa sababu mkaazi wa kudumu huweza kumwombea mwenzi wake na watoto wake wasio na ndoa tu. Mzazi huombewa na raia aliyefikisha miaka 21. Kwa kawaida utaomba uraia baada ya miaka 5 ya ukaazi, kisha utajaza fomu I-130, yaani ombi la kumleta jamaa, kwa ajili ya mama, ambaye hatapanga foleni, kwani wazazi wa raia hawana ukomo wa idadi kwa mwaka.

Kwa mdogo wako ndipo wengi hukosea. Hawezi kuingia kwa mgongo wa ombi la mama. Ukimwombea wewe kama ndugu, atasubiri zaidi ya miaka 10, kwa hiyo ni afadhali mama, akishapata kadi yake, amwombee mwenyewe kama mtoto. Ila kijana asioe kabla mama hajawa raia, maana ndoa hiyo huliua ombi.

Anza na vyeti sasa. Cheti changu cha kuzaliwa kilisema mama ni Mwanaidi, pasipoti yake ikasema Mwanahidi, na herufi hiyo moja ilitudai kiapo mbele ya wakili na miezi kadhaa ya barua. Weka pia kumbukumbu za kodi, kwani fomu I-864, yaani ahadi yako ya kumtunza unayemleta, hutaka kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini.