Zima sauti kwanza: njia niliyojifunzia kusoma shoti, engo na mikato ya muvi

Kama unataka kuelewa kamera inavyosimulia hadithi, ushauri wangu wa kwanza ni huu: chukua muvi unayoipenda, ile umeshaiona mpaka unajua nani anakufa na nani anaolewa, chagua sini moja ya dakika mbili tatu halafu uitazame ukiwa umezima sauti. Sini moja tu, usijitwishe muvi nzima. Sauti ikiwepo maneno na muziki vinakubeba, unasahau kabisa kwamba kuna mtu alikaa akaamua kamera ikae pale na sio kule, ila ukizima ndio unaanza kuona, kumbe hapa wamekata, kumbe huyu dada akiwa anaongea wanamuonyesha kuanzia kiunoni halafu akinyamaza ndio wanamsogelea usoni. Hii ndio njia iliyonifungua macho mimi, na hadi leo naitumia kuliko kozi yoyote ya video.

Rudia hiyo sini ukiwa na karatasi. Kila shoti, yaani kipande cha picha kati ya mkato mmoja na mwingine, iandikie mambo matatu: nani yuko kwenye fremu na kwa ukubwa gani, kamera iko juu ya macho yake, sawa na macho au chini, na shoti inakatwa wakati gani, yaani mtu akiwa anafanya nini. Inachosha, sikatai. Lakini ukimaliza utakuwa na kitu ambacho huwezi kukipata kwa kusoma maelezo ya mtu, utaona mpangilio, na pale mpangilio unapovunjwa ndipo hadithi inapogeuka.

Nasisitiza hilo la kuvunja mpangilio kwa sababu wengi tunaanza na zile jedwali za mtandaoni, kamera ikiwa chini mtu anaonekana ana nguvu, ikiwa juu anaonekana mnyonge, kloziapu (uso umejaza fremu) ni hisia, shoti pana (mtu na mazingira yake yote) ni upweke. Sio uongo, ila ukizishika kama amri zitakupoteza, maana shoti peke yake haisemi mengi. Inapata maana kutokana na iliyoitangulia na inayoifuata, na mazoea uliyomjengea mtazamaji. Ukitumia kloziapu kuanzia dakika ya kwanza, siku unayoitaka kweli itakuwa haina uzito tena, umeshaimaliza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni 12 Angry Men ya mwaka 1957, ya dairekta Sidney Lumet. Karibu muvi yote iko ndani ya chumba kimoja, wanaume 12 wamekaa wanabishana kuhusu kesi, sasa utafanya nini na kamera hapo usimchoshe mtu? Lumet alieleza mwenyewe alichofanya: theluthi ya kwanza kamera iko juu ya usawa wa macho, theluthi ya pili inashuka iko sawa na macho, theluthi ya mwisho iko chini, mpaka dari linaanza kuonekana. Wakati huohuo lenzi zinazidi kuwa ndefu, yaani zile zinazovuta vya mbali vije karibu, kadri muvi inavyoenda, kwa hiyo kuta zinaonekana kama zinawasogelea. Hakuna aliyejenga chumba kidogo zaidi, chumba ni kilekile, ila wewe unayetazama unahisi hewa inaisha. Halafu mwisho kabisa, wakitoka nje, anaweka lenzi pana, inayoingiza eneo kubwa, na kamera iko juu, na ghafla unapumua. Sasa angalia, hapo kamera ya chini kazi yake ni kubana chumba, haina habari ya kumpa mtu ukubwa. Jedwali lisingekuambia hivyo.

Nikupe zoezi dogo ulione mwenyewe. Mama kakaa mezani, simu inaita, anapokea, anasikiliza, anaiweka chini. Hakuna neno hata moja. Ukiweka kamera mbali, mlangoni, ukamuonyesha mzima na meza na viti vitupu pembeni, mtazamaji anakuwa kama mtu aliyepita akachungulia, anajua kuna jambo ila hajaruhusiwa kuingia. Ukiweka kamera sawa na macho yake, karibu, tangu simu inaita mpaka anaiweka, tunapokea habari pamoja naye. Ukianza na simu yenyewe imejaza fremu inatetemeka juu ya meza huku mama hata haonekani, tunaiogopa simu kabla hajaigusa, na hapo umeshatupa habari ambayo yeye hana. Na ukimpiga picha kwa nyuma, tunaona kisogo na mabega tu, tunalazimika kusoma mabega, na niamini mabega yanayoshuka kidogo kidogo yanaweza kuuma kuliko uso wenye machozi. Stori ni ileile, mama ni yuleyule, ila umebadilisha sisi tumesimama upande wa nani na tunajua kiasi gani. Mimi kila nikipanga shoti najiuliza hayo mawili kabla sijafikiria itapendeza au la.

Tukija kwenye kuunganisha, huwezi kumkwepa Lev Kuleshov, Mrusi aliyefanya majaribio miaka ya mwanzo ya sinema ya Kisovieti, karibu na 1920. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin ukiwa umetulia tu, akauunganisha na bakuli la supu, na mtoto ndani ya jeneza, na mwanamke kwenye kochi. Inasimuliwa kwamba watu walimsifia sana mwigizaji kwa njaa yake, huzuni yake na tamaa yake, wakati uso ulikuwa mmoja. Kwa hiyo kabla hujamlazimisha mwigizaji wako akunje sura zaidi, jaribu kwanza kubadilisha anachokitazama, mara nyingi inatosha kabisa.

Kuhusu sheria ya nyuzi 180 sitakaa sana, imeelezwa kila mahali. Chora mstari wa kufikirika kati ya watu wawili wanaoongea, kamera ibaki upande mmoja, ndio huyu atazame kulia na yule kushoto wakutane macho. Ukivuka katikati ya maongezi wanaonekana wote wanatazama upande mmoja na mtazamaji anachanganyikiwa bila kujua kwa nini. Ukitaka kuvuka, vuka kamera ikiwa inatembea na sisi tunaona inavuka, au weka shoti iliyo juu ya mstari wenyewe katikati. Na unapokata kwa mtu yuleyule badilisha engo angalau nyuzi 30, la sivyo itaonekana kama video imeruka.

Lenzi nazo jaribu kwa simu tu kama ina lenzi zaidi ya moja. Msogelee mtu umpige picha ya uso kwa lenzi pana, halafu rudi nyuma umpige picha kwa lenzi ya mbali mpaka uso uwe na ukubwa uleule kwenye fremu. Linganisha nyuma yake. Kwenye ya kwanza ukuta uko mbali huko, kwenye ya pili umekuja mgongoni. Ndio ile mbinu ya Lumet, iko mfukoni mwako.

Sasa mikato na trenzisheni, yaani namna ya kutoka shoti moja kwenda nyingine, hapa ndipo naona watu wanapoteza nguvu nyingi. Programu za kuediti zimejaa mapambo, ukurasa unafunguka, picha inazunguka, nyota zinamwagika, na mtu akishazipata anataka azitumie zote. Karibu kila kitu kinachohitajika kinafanywa na mkato wa kawaida. Trenzisheni inajibu swali moja, muda na mahali vimebadilikaje. Picha ikififia mpaka giza unamwambia mtazamaji jambo limefungwa, pumua. Picha ikiyeyukia nyingine unamwambia muda umepita, au hivi viwili vina uhusiano. Mkato wa moja kwa moja hausemi kitu ndio maana una nguvu, unamwacha mtazamaji aunganishe mwenyewe.

Kuna ule mkato maarufu wa Lawrence of Arabia ya 1962, mtu anapuliza njiti ya kiberiti na hapohapo tuko jangwani jua linachomoza. Mwanzoni ilipangwa picha moja iyeyukie nyingine, lakini mhariri Anne V. Coates na dairekta David Lean walipoviona vipande vimeungwa kavu kavu wakaona ndio penyewe. Fikiria ingeyeyuka, moto mdogo ungefifia taratibu ndani ya jua, nzuri tu, ya kupendeza, ila ule mshtuko wa kutoka kidoleni kwenda kwenye jangwa zima usingekuwepo.

Na usisahau kwamba sauti nayo inaweza kuvuka peke yake. Anzisha sauti ya sini inayofuata sekunde moja kabla picha haijabadilika, mama bado anatazama simu mezani ila sisi tayari tunasikia injini ya basi, ukikata kwenda kwenye basi tunajua ameamua kusafiri na hujaandika sentensi hata moja. Kwangu hii ndio trenzisheni bora kuliko zote na haina gharama.

Kama unasumbuka ukate wapi, Walter Murch, mmoja wa wahariri wa muvi ya Apocalypse Now, ana vigezo sita vya mkato mzuri na hisia peke yake amezipa asilimia 51, zaidi ya hadithi, mdundo na mpangilio wa nafasi vikijumlishwa pamoja. Mimi nimeichukua hivi: namtazama mwigizaji, nasubiri lile wazo lifike usoni, nakata likishafika kabla halijaanza kuondoka. Ukikata mapema tunakosa, ukichelewa tunaanza kutazama nguo na kuta.

Zoezi la mwisho ninalompa kila anayeniuliza: piga sini ya watu wawili wanaogombana, shoti pana moja na kloziapu za kila mmoja, mazungumzo yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Halafu editi mara mbili kwa vipande hivyohivyo, toleo moja sini iwe ya wa kwanza, la pili iwe ya mwenzake. Usiongeze muziki. Muonyeshe mtu ambaye hajui chochote umuulize tu, hii ilikuwa stori ya nani? Akikutajia mtu ambaye hukumkusudia, kabla hujakimbilia kushuti upya angalia uso wa nani ulibaki kwenye skrini wakati mwenzake anaongea, na nani umempa kloziapu ya mwisho. Badilisha hayo mawili umuonyeshe mtu mwingine.