Thomas Nashe hakufungwa, aliingia mitini

Ndugu uliyeuliza kama Nashe, yule mwandishi wa Kiingereza, alifungwa kwa ile tamthilia ya The Isle of Dogs: hapana. Mwaka 1597 serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza iliiona ya uchochezi. Ben Jonson, aliyeiandika pamoja naye, akatiwa ndani pamoja na waigizaji wawili, na karatasi za Nashe zikapekuliwa. Nashe mwenyewe keshakimbilia Great Yarmouth, mji wa pwani ya Uingereza. Baadaye akadai ameandika utangulizi na sehemu ya kwanza tu, mengine waliongeza waigizaji (utetezi mwepesi, kwa maoni yangu). Wenyeji waliomhifadhi aliwalipa 1599 kwa kijitabu kizima cha kumsifu samaki wao wa kukaushwa kwa moshi! Mwaka huohuo maaskofu wakaamuru vitabu vyake, na vya hasimu wake Gabriel Harvey, vikusanywe vyote na visichapwe tena.