Kabla ya kuhesabu wanafunzi, hesabu madarasa

Juzi asistanti mmoja kijana wa chuo kikuu ameniandikia, akiniita Yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, nimemaliza kukusanya alama za hesabu za watoto 700 hapa Lubumbashi. Kwa wingi huo matokeo yangu ni imara, sivyo?" Nilikuwa ndani ya teksi-bisi ya kwenda Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu. Moyo ukanienda mbio, maana mwaka 2021 nilikuwa nikijiuliza na kujijibu hivyo hivyo.

Nilikuwa na watoto 600 wa mwaka wa tano wa msingi, madarasa kumi ya Katuba na Kenya, komuni mbili za jiji letu, 60 kila darasa. Tangu shule za msingi za umma za Kongo zitangazwe kuwa bila malipo mwaka 2019, madarasa yamejaa. Ukibisha mlango mmoja tu unapata watoto sitini. Walimu watano walifundisha hesabu za sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika, kwa vifuniko vya chupa na karatasi za kukunja. Watano wengine waliendelea na ubao na choki. Nilisahihisha karatasi zote kwa mkono, na umeme ulipokatika niliingiza alama kwa mwanga wa simu. Kipimo cha t, cha kulinganisha wastani wa makundi mawili, kikanipa p chini ya 0.001: yaani kama mbinu hizo hazitofautiani, tofauti kubwa hivyo ingetokea kwa bahati chini ya mara moja katika elfu. Nililia kwa furaha. Nyumbani wakanipikia bukari, ugali wetu, na kuku kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

Baada ya miezi minane jarida moja la nje likakataa makala yangu. Mhakiki aliandika mistari mitatu: wanafunzi wa darasa moja wanafanana, ulichonacho ni madarasa kumi, chambua upya. Hakuna hata neno moja juu ya jasho lile. Linaniuma hadi leo, nasema kweli. Lakini alikuwa na haki.

Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja. Akiugua wiki mbili, wote sitini wamekosa somo. Akikosea kueleza nusu na robo, wote wanabeba kosa lile lile hadi mtihani. Katika alama zangu, sehemu ya tofauti iliyotokana na darasa lenyewe ilikuwa 0.3. Kanuni ni fupi: toa 1 katika 60, zidisha kwa 0.3, ongeza 1, unapata 18.7. Sasa gawanya 600 kwa 18.7. Ni 32! Watoto wangu mia sita walikuwa na uzito wa watoto 32 ambao kila mmoja angetoka darasa lake. Nilirudia hesabu hiyo mara nne usiku ule. Tofauti niliyoishangilia ingeweza kabisa kuwa bahati ya kuangukia walimu watano hodari.

Nikaanza upya. Safari hii madarasa 40, watoto 12 tu kwa kila darasa, waliochaguliwa kwa kura. Jumla 480, pungufu kuliko mwanzo, lakini kwa kanuni ile ile uzito wao unazidi 110. Mwezi uliopita makala imekubaliwa, na nimejivunia bila aibu.

Lipo kosa jingine ambalo hakuna mhakiki aliyeliona. Jaribio langu la kwanza nililitoa katika kitabu cha Ufaransa, na swali moja liliandika 75 kwa maneno: "soixante-quinze". Watoto wetu wanasema "septante-cinq". Wengi waliandika 6015, yaani sitini halafu kumi na tano, nami nikawapa sifuri. Nilipowauliza wachache kwa Kiswahili, waliandika 75 bila kusita. Nilikuwa nimepima Kifaransa cha Paris nikakiita hesabu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na ninyi nyote mnaotaka njia hii: tembeeni kwanza. Keti nyuma ya darasa siku nzima, sikiliza watoto wanavyozitaja namba, kisha ndipo uandike swali. Hesabu madarasa kabla ya kuhesabu watoto. Jifunze modeli za ngazi nyingi, zile zinazozingatia kwamba watoto wamo ndani ya madarasa. Programu ya takwimu ya R ni ya bure, na kifurushi chake cha modeli hizo, lme4, pia, na ukishavipakua vinafanya kazi bila intaneti. Usimwambie mwalimu anayedai mshahara wa miezi kwamba mbinu yake haifai kwa sababu ya namba ambayo wewe mwenyewe hujaielewa. Huo ni udhalimu, hata ukiwa umeandikwa kwa desimali tatu. Na ukisharudia utafiti, hesabu madarasa tena.

Yule asistanti nilimjibu kwa swali moja: madarasa ni mangapi? Leo asubuhi amejibu: manane. Jumamosi tunaonana Kasapa, nami nimemwomba aje na orodha ya shule zote ambazo bado hajabisha milango yao.