Muhula mmoja Ujerumani: krediti zitahesabiwa nikirudi Mbeya?

SWALI: Shikamoo. Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa ujenzi, chuo kimoja hapa Mbeya. Nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ujerumani, Oktoba hadi Machi, kisha nijitolee wiki nane hukohuko. Vitahesabiwa, au nitarudia muhula? (Msomaji, Uyole)

JIBU: Marahaba. Hilo linaamuliwa kabla hujapanda ndege. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hushughulika na anayerudi na shahada nzima ya nje. Muhula mmoja ni suala la idara yako na Seneti ya chuo.

Mpelekee mkuu wa idara jedwali: huku kozi utakazozikosa, kule za Ujerumani zitakazozifidia, na silabasi ya kila moja. Majina kufanana hakutoshi. Mekanika ya udongo ya kule ikiwa nadharia tupu na ya hapa ina maabara, itakataliwa. Kozi ya lazima isiyo na mwenzake utaibeba uisome baadaye, na nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo uliza mapema. Makubaliano yasainiwe na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Ukifika ukakuta kozi inafundishwa kwa Kijerumani ukaibadilisha, makubaliano nayo yabadilishwe na kusainiwa upya wakati huohuo, siyo ukisharudi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwetu krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima ni krediti 120. Ulaya krediti 1 ya ECTS, mfumo wao wa krediti, ni saa 25 hadi 30, na mwaka mzima ni krediti 60. Basi 30 za kule ni 60 zako. Ukirudi na 18, una 36, na pengo la 24 utalifidia mwenyewe.

Alama ndizo zenye vituko. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 umepita kwa shida, 5.0 umefeli. Aliyezoea GPA yetu, ambayo kilele chake ni 5.0, akiona 1.3 yako atadhani una sapu, yaani mtihani wa marudio! Omba transkripti ya Kiingereza yenye maelezo ya mfumo wa alama, na chuo cha kule kiitume moja kwa moja kwa msajili. Nakala uliyochapa steshenari Mwanjelwa haina uzito.

Usijaze fomu ya kuahirisha masomo. Omba usajiliwe kama mwanafunzi wa kubadilishana, maana aliyeahirisha hayuko masomoni. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), muone ofisa mikopo kabla ya safari.

Kujitolea ni ngumu zaidi. Wiki 8 za saa 40 ni saa 320, kwa karatasi krediti 32, lakini usitegemee zaidi ya zile za kozi yenu ya mafunzo kwa vitendo, tena kazi iwe ya ujenzi. Kupika kwenye kambi ya watoto ni jambo jema, ila siyo fildi, yaani mafunzo hayo kwa vitendo. Idara iafiki kwanza, kitabu cha kumbukumbu kijazwe kila siku, na msimamizi awe mhandisi anayesaini kila wiki.

Angalia pia kalenda: wiki nane baada ya Machi zinaangukia muhula wetu wa pili. Zisogeze hadi kipindi cha fildi.