Kuacha nyama ya elki usiku kwenye nchi ya dubu

Ndugu, umeuliza kama elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, uliyemwangusha jioni huko Montana, Marekani, anaweza kulala porini hadi asubuhi. Giza likikukuta, mpasue, kata mapaja na mikono, uvibebe mbali na matumbo, ukavitundike mahali peupe utakapopaona kwa darubini kesho yake. Grizili, dubu mkubwa wa kahawia wa huko, hufuata harufu ya damu. Akishaufukia mzoga kwa udongo na majani, huo ni wake, usigombanie! Asubuhi rudini wawili, mkiongea kwa sauti, upepo ukitoka kwenu kuelekea kwenye nyama ili awanuse mapema. Na nakusihi, kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu likae kiunoni. Likiwa ndani ya begi, grizili atakufikia bado unahangaika na zipu.